Fumaça Hawawezi Kuwa Wawili

Jumatano, 10 Septemba

Kuna mwizi mjini! Katoka Pará, kaskazini ya mbali kabisa, kashuka kwenye basi na begi moja, viatu vya mpira shingoni. Mazoezini Kocha Evilásio kamuuliza anaitwa nani. Kajibu: Fumaça. Moshi! Uwanja mzima ukanigeukia mimi. Fumaça ni mimi, tangu nina miaka tisa, kwa sababu beki akinishika anabaki na hewa mkononi. Na Jumapili anakuja msaka vipaji wa timu kubwa ya Belo Horizonte. Kwenye karatasi yake lipo jina moja tu. Fumaça. Na huyu katua siku nne kabla. Bahati? Thubutu!

Alhamisi, 11 Septemba

Kocha kasema Jumamosi saa tatu, penalti tano tano. Mshindi abaki Fumaça. Mwingine jina lake litabandikwa mkia wa udogo, kama kawaida.

Nimemwambia Mpará ni saa nne. Kashukuru! Kanipa na mkate wa jibini. Nimeunusa kwanza. Nimeula. Mtamu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Kumbe analala chumba cha jezi, pale pale uwanjani! Mbona hakuna aliyeniambia?

Yeye tano. Mimi mbili, na moja imemwaga trei ya Dona Zuleide, muuza pasteli, sambusa za kwetu. Kanifokea eti huyo si moshi, huyo mkosi! Kocha kanibandika Fumacinha. Kimoshi! Nafika nyumbani, Mama ananiita Fumacinha, njoo ule. Nani kamwambia?

Jumapili, 14 Septemba

Akili! Karatasi inasema Fumaça. Fumaça sasa ni Mpará. Basi jina lenyewe lichafuke!

Nikamdaka msaka vipaji kwa Dona Zuleide kabla ya mechi. Nikamnong'oneza: Fumaça goti bovu, anamtukana kocha, anaamka mchana. Kauliza mimi nani. Fumacinha, nikasema, kijana mpole tu. Kalikata jina mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kawasha gari, kaondoka kabla ya filimbi.

Nikafunga mabao matatu. Mbele ya nani?

Jioni Kocha kaja mbio, simu mkononi. Msaka vipaji kampigia, kamweleza yote. Kocha kaniuliza: Wewe bwege, jina nilimpelekea mimi mwezi wa sita. Mwezi wa sita Mpará alikuwa wapi? Nikasema Pará. Basi Fumaça wa mwezi wa sita ni nani, bwana mkubwa?



Jumatatu, 15 Septemba

Mpará kanifuata kazini, gereji ninakoziba matairi. Kasema pole sana kaka, chukua jina lako, mimi kwetu wananiita pia Tico. Nani anarudisha jina bure? Nimekataa! Lina sumu.

Nimejichagulia jipya kabisa: Faísca. Cheche! Sijamwambia mtu, hata Mama. Nimeenda moja kwa moja kwa Kocha. Kakuna kichwa, kasema Faísca wapo wawili, mmoja timu ya wazee, mwingine kipa wa watoto.

Wawili! Na mimi nimeliwaza asubuhi hii hii!

Nani kawaambia?