Uzinduzi wa Pumzi Kinuni

Je, mwenzangu, umewahi kuhudhuria uzinduzi wa pumzi? Sisi wa Mbinga tuliuona, soko la kahawa lilipokwisha kuwa huria na kinu cha kuikoboa kikapata mmiliki, Mkurugenzi Pankras.

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti. Kamati ya Kusimamia Pumzi ilikuwa imepokea mashine ya kupima uvimbe wa njia ya hewa. Hakuna sindano, hakuna kutoa damu, mtu anapuliza tu kwenye mrija. Atakayekutwa na uvimbe atapumzishwa nyumbani bila mshahara, kwa faida yake mwenyewe.

Winifrida, mchambuaji wa kahawa, alikuwa anakohoa tangu msimu uanze. Dawa aliitaka sana, ila wajukuu wote walitegemea mshahara wake. Akawa anakohoa kwa ndani, macho yamemtoka.

"Dada Winifrida, unakohoa?" akauliza Kunigunda, wa meza moja naye.

"Nasafisha koo. Na wewe mbona kifua kinapiga filimbi?"

"Hicho ni kiti."

Hakuna aliyeruhusiwa kupuliza kabla ya mgeni rasmi. Kamati ilimtafuta wilaya nzima, mwisho ikampata mkurugenzi mwenyewe. Akakata utepe, akashika mrija.

"Puliza polepole, mfululizo, usikatishe," akasema nesi Beata.

Akapuliza kidogo, akaacha. "Ndugu wafanyakazi..."

Mashine ikalia, imekataa.

"Mzee, hotuba baadaye."

Mara ya pili akakatisha ili awatambue wageni waalikwa. Mara ya tatu Beata akamshika kidevu kama mtoto anayenyweshwa dawa, pumzi ikatoka yote. Taa nyekundu ikawaka.

"Njia ya hewa imevimba," akasema Beata.

"Ya nani?"

"Yako, mzee."

"Mimi ni mgeni rasmi!"

"Mashine haijaambiwa."

Kamati ikakutana palepale, imesimama. Baada ya majadiliano ya kina, yaliyofanywa kwa kunong'ona, kanuni ikaboreshwa: mwenye uvimbe atapumzika kwa mshahara kamili, na matibabu yake yatagharamiwa na kinu. Mkurugenzi akaisoma mwenyewe, akapigiwa makofi mengi. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali, maana mikutano ndivyo inavyofungwa.

Winifrida akasimama. Akakohoa kwanza, kikohozi cha msimu mzima, bila kukibana.

"Shikamoo mkurugenzi. Swali sina. Nataka kupuliza."