Mivukuto ya Marehemu Traugott

Jumatano, 16 Novemba 1887

Mwalimu Leidenfrost, mpiga kinanda wetu mpya, kaja kanisani na karatasi kumi na nne. Kauchukua wimbo wa Traugott wangu, kautungia muziki mpya wa kinanda! Ule tulioimbiwa harusini, ule niliomzikia Machi. Eti ataupiga Jumapili ya Wafu, majina ya marehemu wa mwaka yakishasomwa. Nikasikiliza. Ngurumo tupu. Nikauliza, wimbo wenyewe uko wapi humo? Akacheka, umo, Bibi Ernestine, wewe kanyaga tu.

Kanyaga tu! Mume wangu kakanyaga mivukuto inayokipa kinanda hiki upepo miaka thelathini na minane, nami nimerithi kazi na viatu. Bila miguu yangu kinanda ni kabati.

Alhamisi, 17

Nimempelekea keki ya plamu. Nikamwomba aupige taratibu, kama zamani, mwanzo hadi mwisho, Traugott aagwe kwa kitu anachokijua. Keki kala yote. Wimbo kakataa. Sahani hajarudisha.

Ijumaa, 18

Hulda, jirani yangu, mjane mwenzangu, kanikuta kisimani. Eti, shoga, ya nini kujivuna, hata mbuzi wangu anatoa upepo. Nikamwambia mbuzi wake angalau anatoa kwa mpigo, yeye Hulda hata kuimba hawezi.

Nimeapa. Jumapili, ngurumo zikianza, naacha kukanyaga, nashuka mivukutoni. Tuone atanguruma na nini!

Jumamosi, 19

Nimepanda kufagia nyuma ya kinanda. Nguzoni iko mikato ya kisu cha Traugott, mmoja kila mwaka. Hapo alikanyaga akiguna sauti ya chini, nene, ubao ukitetemeka hadi nyayoni kwangu. Nikaongeza mkato wa thelathini na tisa. Nimelia kidogo. Vumbi.

Jumapili, 20

Majina yakasomwa. Traugott Eberlein. Mwalimu akaanza. Ngurumo hizo! Nikainua mguu, nishuke.

Nikausikia. Chini kabisa, kwenye sauti nene anazopiga Mwalimu kwa miguu. Wimbo wetu. Taratibu. Ubao ukatetemeka vilevile. Nikasimama kusikiliza, mjinga mimi, nikasahau kwamba upepo ni mimi!

Kinanda kikakoroma, kikafa. Kengele ya kuniomba upepo ikalia kama kichaa. Kisha kimya. Kisha kwikwi za kilio, kanisa zima, Hulda akiwaongoza. Nikakanyaga mbiombio, wimbo ukarudi.

Jumatatu, 21

Mchungaji kasema kimya kile ndicho kilichomgusa kuliko yote, kama kifo chenyewe. Mwalimu kaja na sahani yangu, uso umemwiva. Kimya kakiandika kwenye karatasi zake! Akauliza, bibi, nani alikuambia usimame pale? Nikajibu nilipanga tangu Ijumaa. Si uongo.

Basi Krismasi nitasimama mara mbili, na kengele yake nitaifunga soksi. Miaka thelathini na minane Traugott hakuwahi kukosesha kinanda upepo hata mara moja. Maskini mume wangu. Alikuwa na miguu, kipaji hakuwa nacho.