Mawese Kwenye Pampu ya Ndege

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Miaka minne nafunga bolti uwanja wa ndege wa Kigoma, leo Rubani Walter anasema Ijumaa atachagua fundi mmoja wa kudumu: mimi au Ntirampeba. Mkimbizi wa Bujumbura aliyekuja juzi! Eti ana cheti. Mimi nina mikono.

Jumanne, 4 Machi
Kipimo kinachomwonyesha rubani kama ndege imelala upande kimeharibika. Ntirampeba akajifanya mwalimu. Eti injini inazungusha pampu, pampu inafyonza hewa ndani ya kipimo, hewa mpya ikikimbilia humo inazungusha gurudumu dogo. Likizunguka kasi halianguki, kama ile pia watoto wanayoichezea, ndipo rubani anajua juu na chini hata akiwa mawinguni. Pampu ikichoka, pia hiyo inalala. Rubani akamsifu mbele yangu. Nilimchukia! Halafu nikaichungulia pampu yenyewe. Kavu! Hata tone la mafuta hakuna! Na huyo ndiye msomi.

Jumatano, 5 Machi
Ntirampeba alipokwenda kula, nilifungua bomba la pampu nikamimina kikombe kizima cha mawese ya mama mkwe, kutoka Simbo. Mawese hulainisha bawaba, baiskeli, hata maharage. Kazi ni yangu!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Daktari Edina, abiria wetu wa kwenda kambi ya wakimbizi, alikuwa amesimama kando akiwa na sanduku la chanjo. Injini ikawashwa. Pampu ikamtemea uji mwekundu kwenye koti jeupe, ikakwama. Ntirampeba akanusa, akasema oya, hapana kwa Kirundi chao, haya ni mawese. Eti vibao vya kaboni vilivyomo ndani hujilainisha vyenyewe kwa vumbi lake. Ukitia mafuta, vumbi linakuwa tope na vibao vinavunjika. Ndiyo kwanza anasema! Chanjo zimekwenda kwa gari, kwenye matope. Rubani akauliza ni nani. Wote wakatazama vidole vyangu. Vyekundu!

Ijumaa, 7 Machi
Kazi kapewa Ntirampeba. Mimi nimepewa fyekeo, nifyeke nyasi za uwanja. Aliniambia pole, kaka, na alimaanisha. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Pampu mpya imefika. Kavu vilevile! Watu hawa hawafundishiki. Nimefyeka nikiwaza, kosa nimeliona: mama mkwe hutia maji kwenye mawese. Nimemtuma mke wangu mtaa wa Kasingirima akalete yaliyo safi.