Sifa Tano za Rajabu

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Newala.

Bahati imenijia yenyewe! Boma la serikali linatafuta karani msaidizi. Barua iwe ya Kiingereza, mwombaji ataje sifa zake, mwisho Alhamisi. Kazi ni yangu!

Lazima iwe yangu. Mjomba Husseni ameleta salamu kutoka Mkunya: nikikosa, Jumamosi nirudi shambani kumenya mihogo. Mimi, niliyefika darasa la sita! Lakini ni mjomba, na kwetu Wayao mjomba akisema, imekwisha.

Nimeanza vizuri. "I am". Hapo kalamu imekwama. Nataka kusema mimi ni imara. Kamusi inanipa strong, sturdy na robust. Yote imara! Waingereza wana maneno matatu kwa kazi ya neno moja, halafu wanasema sisi ndio tunaopoteza muda.

Jumanne, 3 Agosti

Hila ya kwanza: nichague kwa sikio.

Asubuhi Bibi Somoe, mwenye nyumba, alipanda kutoka bondeni na maji kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamsomea maneno yote matatu, polepole, mara mbili. Hajui Kiingereza hata kidogo, kwa hiyo hana upendeleo. Akasema strong ni neno la mtu mwenye haraka, robust ni la mtu aliyeshiba, na sturdy ni la mtu mwenye kifua. Halafu akauliza, kama mimi ni imara namna hiyo, mbona maji nachotewa na yeye.

Nikafunga kamusi. Msomi hajibu kila kitu.

Jumatano, 4 Agosti

Ushindi! Ushindi mtupu!

Cecil naye anaomba kazi. Cecil amesoma misheni kule Masasi, hata anaota kwa Kiingereza. Lakini ni Mmakua, na mimi Myao. Ni mtani wangu! Mtani akitaka kofia yako anaichukua, akitaka kuku wako anaondoka naye, nawe huna ruhusa ya kununa. Basi nikaenda kwake. Nikamkuta anaandika. Nikachungulia: sifa tupu, za Kiingereza, zimepangwa mstari mmoja!

Nikaidaka karatasi. Nikasema hii ni yangu, kwa haki ya utani. Akaing'ang'ania. Tukavutana mpaka ikachanika, yeye akabaki na kipande cha juu, mimi na maneno. Akapiga kelele kwamba nisome kwanza kichwa cha habari. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Wivu huo! Kichwa cha nini? Mimi nilifuata sifa.

Nazo ni hizi: sturdy, upright, reliable, roadworthy, well-oiled. Cecil, mtu wa misheni, kachagua sturdy. Strong na robust kwaherini!

Upright, kamusi inasema mnyofu. Ndimi hasa. Reliable, wa kutegemewa. Roadworthy haimo, kurasa za R za mwisho zililiwa na mchwa, lakini road ni barabara na worthy ni mwenye kustahili. Mtu anayestahili barabara! Yaani wa kutumwa safari za serikali. Well-oiled, aliyepakwa mafuta vizuri. Nadhifu!

Alhamisi, 5 Agosti

Barua imefika boma saa mbili asubuhi. Nimeandika zote tano, kwa mpangilio uleule. Jioni nimeambiwa niende kesho kuonana na Bwana DC mwenyewe! Nimenunua mafuta ya nazi. Barua imesema well-oiled, basi na mwili uoane na barua.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimefika nang'aa. Nzi wanateleza.

Bwana DC alisoma barua yangu, akaniangalia, akasoma tena, akageuka dirishani, mabega yakimtikisika. Nikajua nimemgusa moyo. Kisha akasema neno kwa mkalimani. Mkalimani akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama breki zangu zinashika.

Nikajibu ndiyo, bwana. Ningejibu nini?

Akauliza kama nimebadilishwa mipira. Hapo nikaanza kutoka jasho, na jasho juu ya mafuta ya nazi si jambo dogo. Mkalimani akanishika mkono, akanipeleka nje kwenye ubao wa matangazo. Pale pamebandikwa karatasi, mwandiko wa Cecil, nzima, ina kichwa. Padri wa misheni anauza baiskeli yake. Chini yake, kwa mpangilio uleule, sifa zangu tano. Ile niliyoidaka ilikuwa nakala ya kubandika sokoni.

Niliumia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliumia sana. Cecil akatokea ofisini, kazi keshapewa yeye. Mbele ya matarishi wote akanibinya sikio, akalia kring, kring! Nami sikuwa na ruhusa ya kununa. Mtani!

Jumamosi, 7 Agosti. Mkunya.

Mihogo. Nimemwamkia mjomba shikamoo, akaitikia marahaba na kunikabidhi kisu. Akaniambia nikae mbali na mihogo mpaka mafuta yakauke.

Jumanne, 10 Agosti. Mkunya.

Siku kubwa! Mfanyabiashara mmoja wa Masasi anatafuta karani wa ghala. Barua kwa Kiingereza!

Nimelala macho wazi nikitafakari kosa langu la Newala, na nimeliona. Nilichukua maneno yaliyoandikwa kwa mkono. Mkono wa mtu huweza kuandika chochote! Leo nimeokota nyuma ya duka kopo tupu la dawa ya kunguni, lina karatasi nzima ya sifa za Kiingereza, na picha ya kunguni amelala chali, miguu juu. Nimeibandua taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Ipo powerful, ipo rapid, ipo deadly. Ile deadly siijui, na kamusi niliisahau kwa Bibi Somoe, lakini imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, basi ndiyo bora. Nitaianza nayo barua.

Imepigwa chapa London. Haiwezi kuwa ya baiskeli.