Mkurugenzi Mkuu wa Lori Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo mimi ni tajiri wa lori. Tani kumi, mkono wa pili, rangi ya bluu pale palipobaki rangi. Miaka kumi na minne nimeendesha magari ya watu. Basi, imetosha. Kiinua mgongo chote kimekwenda humo, na mkopo wa chama cha akiba juu yake. Dhamana: cherehani tatu za mke wangu. Alitia sahihi, akarudi kushona.

Nimechapisha kadi mia mbili: Mkurugenzi Mkuu. Mke wangu ameuliza wakurugenzi wadogo ni akina nani. Kisha akanipa daftari alilolipigia mistari mwenyewe: Mafuta, Matairi, Matengenezo, Rejesho, Nyumbani. Pesa ikiingia igawe kwanza, ndipo ule. Nimeshukuru. Kurasa za mbele nimeziacha safi kwa heshima. Mambo yangu nayaandika nyuma.

Chini ya giaboksi kuna kitu kinalia kri, kri. Fundi ameinamisha sikio, akasema hasikii kitu. Sijui kama hilo ni jema.

Jumanne, 4 Machi

Mzigo wa kwanza! Saruji, kilomita mia nne na ishirini. Dalali alikuwa amekaribia kupatana na Risiti, jirani yangu pale maegesho. Ana lori moja kama mimi, ila lake linang'aa. Wanamwita Risiti kwa sababu hutunza risiti zote, hata ya chai, ndani ya kopo la maziwa. Alitaka laki tisa. Nikaruka na sita. Mzigo wangu.

Risiti hakukasirika. Aliuliza tu kama nimeshapata mzigo wa kurudi. Nikamjibu kurudi ni mteremko.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika, nimeshusha. Dizeli imekula laki nne kasoro kidogo. Dalali anataka chake leo hii. Nimekwenda kudai malipo. Karani wa ghala akanionyesha karatasi niliyotia sahihi mwenyewe: siku thelathini. Kweli ipo, kwa herufi za sisimizi.

Siku thelathini! Rejesho la mkopo ni tarehe kumi na nne.

Nimepiga hesabu mara tano. Kila nikijumlisha jibu linatoka tofauti, na yote mabaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mzigo wa kurudi umepatikana: kiwanda cha magodoro. Safari hii sikukubali kuingizwa mkenge. Meneja alitaja bei ya safari, nikaikataa. Nilidai nilipwe kwa tani, laki mbili kila tani, taslimu. Tani kumi, milioni mbili! Alikubali upesi sana. Alininunulia hata soda.

Wamepakia saa nne nzima, mpaka magodoro yakaziba anga. Kisha tukapanda mizani. Tani moja na robo. Laki mbili na nusu, yaani dizeli ya kurudi tu, bila hata ya chai. Mpakiaji mmoja amenipa pole huku ametazama pembeni, mabega yanamtikisika.

Jumamosi, 8 Machi

Tairi la nyuma limepasuka katikati ya pori. Nikashusha spea. Siku ya kununua lori niliiona nyeusi tii, mpya kabisa. Kumbe imepakwa rangi ya viatu. Nimeigusa tu, mkono ukawa mweusi na tairi likawa kijivu, nyuzi nje.

Nimempigia mke wangu. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri, nimesimama kupumzika kidogo. Nikasikia cherehani ikisimama.

"Umekula?"

Nikasema nimekula. Tangu jana sijatia kitu mdomoni.

Alasiri akatokea Risiti, lori lake limejaa mzigo kwenda na kurudi. Ameniazima tairi na kunisaidia kulifunga. Halafu akatoa kitabu, nitie sahihi kwamba nimeazima. Nimetia. Kadi zangu zilikuwa mfukoni. Sikuzitoa.

Jumatatu, 10 Machi

Afisa mikopo amepiga simu. Binti mpole, ana sauti ya muuguzi. Laki nne, Ijumaa. Nikamwambia lori liko safarini. Nilipokata simu nikawaza: je, akipita? Nimelipeleka nyuma ya kiwanda cha matofali, nikalifunika turubai kuanzia juu hadi chini. Likawa lori lililofunikwa turubai.

Saa kumi akaja kwa miguu. Akalizunguka lote, akaniuliza kama turubai nalo ni la mkopo. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba chama hakina haja ya lori bovu. Watachukua cherehani. Zinabebeka.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu na dada zake wawili wanashona sare za shule, oda ya arobaini. Nimesimama mlangoni nikasikiliza. Sauti ile nimeizoea mpaka nilikuwa siisikii tena. Leo nimeisikia yote.

Jumatano, 12 Machi

Nimejikaza, nimemweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, pini amezibana mdomoni, kisha akazitoa moja moja na kusema anajua. Jumapili alilifungua daftari kuona kama nimejaza sehemu ya Matairi. Akakuta tupu. Akageuza nyuma, akasoma yote.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nilingoja uniambie mwenyewe."

Kumbe amekwisha kwenda kwa Risiti. Risiti ana mkataba wa kubeba unga na kazi imemzidi. Nitabeba kwa bei aliyopatana yeye, mzigo kwenda na kurudi, malipo kila Jumamosi. Hela za sare zitalipa rejesho la Ijumaa. Zilikuwa za kuezeka upya chumba cha kushonea, ambacho kinavuja. Hilo hakulisema yeye. Nililijua.

"Lori ni lako," akasema, "lakini pesa zake nitashika mimi. Ukikataa, liuze."

Sikukataa. Nimekwenda kukaa ndani ya lori peke yangu mpaka macho yakakauka.

Ijumaa, 14 Machi

Tumelipa. Afisa mikopo amempa mke wangu mkono, mimi amenipa risiti. Cherehani zimebaki. Mke wangu ameshona mpaka jioni kana kwamba hakuna lililotokea, na mara moja nimemsikia akiimba. Nimeapa: ujanja basi. Mzigo, barabara, nyumbani.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika kwenye daftari jipya, maana lile la zamani linasomwa.

Wiki mbili za unga. Hakuna aliyenidanganya, hakuna kilichopasuka. Nimekonda kwa utulivu. Leo mke wangu amenipa laki tatu na nusu kutoka sehemu ya Matairi, nikanunue mawili ya nyuma. Amenitazama machoni, akasema anasubiri risiti.

Nilikuwa nakwenda dukani moja kwa moja, naapa. Njiani kuna uwanja wa magari chakavu. Nikaliona pale, limeegemea ukuta. Lori la pili! Bodi nzima, vioo vyote. Mwenye nalo akasema kuna mtu anakuja jioni na pesa mkononi. Ningefanyaje? Nimetoa zote, kishika uchumba. Ataniwekea mpaka Ijumaa.

Hesabu hii nimeipiga mara tatu na mara zote imetoka sawa. Kilichonimaliza kwenye lori la kwanza ni dizeli. Hili halina injini. Halitakula hata tone.