Uso wa Mama kwa Miraba

Jumatatu, 3 Machi

Baba ametangaza. Magoti yamekataa ngazi, nyumba inaachwa. Atahamia kwa mmoja wetu, Dada au mimi, na jibu atalitoa Jumapili ya tarehe 6 Aprili baada ya chakula cha mchana. Alisema haya taratibu, huku anakunja kitambaa cha meza pembe kwa pembe. Fundi cherehani hastaafu, anaishiwa wateja tu. Sharti lake ni moja: kile kioo kirefu cha dukani kwake, walichojitazamia wateja, kiende naye. Dada akasema kwake nafasi ipo. Nami nikasema ipo. Kwangu haipo. Nitang'oa mlango wa kabati.

Hapa niseme ukweli, maana shajara haina mdomo. Tangu mke wangu aondoke, sauti pekee nyumbani kwangu ni ya friji. Ikinyamaza naenda kuiangalia. Nataka Baba akae kwangu. Nataka sana. Ila Dada ndiye mkubwa, ana bustani, na hajawahi kusahau siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote, hata ya fundi bomba.

Tena leo nimeigundua silaha yake! Nilikwenda kwake, nikajifanya natafuta choo, nikachungulia chumba anachofumia. Mezani palikuwa na karatasi ya miraba, pana kama shuka la mtoto, kila mraba umepakwa rangi. Kwa karibu ni madoadoa matupu. Nikarudi nyuma hatua tatu. Mama! Mtandio wake wa zambarau, tabasamu lake la nusu, na lile doa jeusi la shavu la kushoto. Kumbe Dada anamfumia Baba blanketi lenye uso wa marehemu Mama, ampe siku ya jibu. Huo ni mchezo mchafu kabisa.

Nimeipiga picha karatasi yote kwa simu. Akili ni mali.

Jumatano, 5 Machi

Ramani ya Dada nimeichapisha ofisini, karatasi kumi na mbili, nikaziunganisha kwa gundi. Miraba 120 kwa upana, 140 kwenda juu. Jumla elfu kumi na sita na mia nane. Kila mraba ni kifundo kimoja cha krosheti: mraba wa zambarau, uzi wa zambarau, wa kahawia, uzi wa kahawia. Unaanza chini kwenye mraba wenye namba moja, unafuata mpaka mwisho wa mstari, unageuza kazi, unarudi. Kazi ya kitoto.

Tena mimi si mgeni wa sindano. Mama alitufundisha wote wawili. Dada alikaa ubavuni kwake. Mimi, kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, alinikalisha mbele yake, magoti yakigusana, akaniambia nimwige kama ninayejitazama kwenye kioo. Dada alikabidhiwa kitabu cha ramani. Mimi sikukishika hata siku moja. Kila picha niliyoitaka, jogoo, treni, twiga, Mama aliketi akanichorea upya kwa penseli kwenye karatasi yake. Nadhani aliogopa ningemchafulia kitabu.

Baba alipiga simu kuuliza kama Jumapili nitakwenda kama kawaida. Nikasema nina mafua. Nikakohoa mara mbili. Kikohozi cha pili kilikuwa kizuri sana. Kwa kweli napenda kwenda, lakini hesabu haina huruma: vifundo mia nne na hamsini siku za kazi, elfu moja na mia mbili Jumapili. Nikienda kunywa chai na Baba, nitamkosa Baba.

Jumanne, 11 Machi

Balaa! Ofisini nafuma chini ya meza. Ramani nimeificha kwenye faili la malalamiko ya wananchi, faili ambalo halijafunguliwa tangu nilipoajiriwa. Nahesabu miraba kimoyomoyo huku naandika barua za watu. Leo Bosi ameniita. Alikuwa na barua niliyompelekea atie sahihi. Aya ya pili ilieleza kwamba kikao kitahudhuriwa na wajumbe kijivu saba, zambarau wawili, kisha kijivu kumi na mmoja.

Aliniuliza kwa sauti ya chini hawa wa zambarau wanatoka idara gani. Nikajibu kwamba ni utaratibu mpya wa kupanga viti. Akafikiri. Akasema ni wazo zuri, nimwandikie maelezo ya kurasa mbili kufikia Ijumaa. Nimejitia kitanzi kwa uzi wangu mwenyewe.

Mistari thelathini na miwili. Mtandio unapanda, kidevu kinakaribia.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya ushindi. Kahawia iliyokoza ndiyo roho ya picha hii: nyusi, macho, kivuli cha pua. Nilikwenda kwa Muuza Uzi kununua madonge manne. Akasema nichukue upesi, yamebaki tisa, na Dada yangu atakuja Jumatatu kuchukua sita.

Nikanunua yote tisa.

Muuza Uzi alinitazama juu ya miwani, akauliza nafuma nini. Soksi, nikasema. Akauliza za nani. Nikasema za watu wengi. Nikatoka na mfuko nimeukumbatia kama mtoto mchanga.

Nilipofika kona, sijui kwa nini, nikamkumbuka Mama akitugawia uzi. Alishika donge hili mkono huu, lile mkono ule, anapima, anafikiri, anaongeza kipande kwangu, anaongeza kwa Dada. Nilisimama pale kidogo. Halafu nikaona ni jua tu, nikaendelea na safari.

Alhamisi, 20 Machi

Nilikuwa nimerudi kutoka kazini sasa hivi, ndiyo kwanza nimeshika sindano, mlango ukagongwa. Dada! Nikatandaza blanketi kitandani, ramani juu yake, nikalala juu ya vyote na kujifunika mpaka shingoni. Sindano ikanichoma paja. Mlio nilioutoa ulimwaminisha kwamba naumwa kweli.

Amesema Baba ndiye aliyemtuma. Ameleta tangawizi na ndimu. Baba amezimenya mwenyewe kwa vidole vile vyenye kutetemeka, akazifunga kwenye karatasi, akafunga na uzi wa kushonea. Dada akaketi ukingoni mwa kitanda, juu ya mtandio wa Mama hasa, akanisimulia mkosi wake. Eti kuna mtu asiye na utu amenunua kahawia yote dukani! Nikakohoa kwa masikitiko.

Basi akamweleza Baba. Baba akaenda kabatini, akarudi na sweta la Mama. Lile la kahawia iliyokoza, la viwiko vilivyochakaa. Akamwambia alifumue. Wakafumua pamoja jioni nzima, Dada anavuta, Baba anakunja donge, na Baba anasimulia siku Mama aliponunua uzi ule. Amesema tangu hapo kazi haiendi, maana kila akishika sindano Baba anakumbuka jambo, naye anaiweka chini amsikilize.

Kwa hiyo blanketi lake sasa litakuwa na uzi wa Mama kweli. Na uzi huo nimempatia mimi! Mimi nina madonge matano ya ziada na sina mguu wa kuyavalisha soksi.

Nimekunywa tangawizi. Ilikuwa kali. Nililia kidogo, nadhani ni kwa ajili ya ukali wake.

Jumapili, 23 Machi

Baba alipiga simu. Kisingizio cha leo: bomba limepasuka, namsubiri fundi. Ameuliza kama nahitaji ndoo. Nikasema ninazo. Akasema basi, haya, ila hakukata simu mara moja. Mimi ndiye niliyekata.

Nimefika mashavuni. Jambo la ajabu: nimelifuma doa, nikaona liko shavu la kulia. Nimehesabu upya mara tatu, kila mraba uko sawa na ramani. Nimekaa kwenye kiti muda mrefu nikijaribu kumkumbuka. Nimemwona akicheka, nimemwona akilala, nimemwona akiniambia nisivute uzi sana. Doa nikilisogelea linahama. Miaka miwili tu, na tayari sina uhakika na uso wa mama yangu. Hilo limeniuma kuliko sindano.

Nimeamua kosa ni la simu. Simu hizi hugeuza picha. Baba haoni vizuri, hatatambua.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemaliza! Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya mafua, ambayo sasa Bosi naye anayajua. Nimefunga kifundo cha mwisho saa nne asubuhi, nikatandika blanketi kitandani, nikarudi nyuma hatua tatu.

Ni yeye. Hata na doa lililopotea njia, ni yeye. Nilimsalimia. Kisha nikang'oa mlango wa kabati, nikapima mahali pa kioo, nikaweka kiti cha Baba dirishani ili apate jua la asubuhi. Nikakaa juu yake nijaribu. Kinafaa. Friji ilinyamaza na sikuenda kuiangalia.

Jumapili, 6 Aprili

Niandike yote, na niandike polepole.

Baada ya kula, Dada alitoa blanketi lake. Limefika chini ya pua. Mtandio, kidevu, tabasamu la nusu, halafu hewa. Aliomba radhi, akasema atamalizia. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikafungua mfuko wangu, nikalikunjua langu juu ya kochi, zima, na macho yake na nyusi zake.

Dada akaangalia ramani yake, akaangalia kazi yangu. Nikangoja aniite mwizi. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza nilianzia mraba gani. Nikasema ule wa namba moja, kama ilivyoandikwa. Akasema namba moja iko kulia kwa sababu ramani zote hizi zimechorwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia, nao huanza kulia. "Wewe mkono wako unaanza kushoto, Kitindamimba, umemgeuza Mama mzima mzima!" Nikamwambia haiwezekani, nimefuma picha tangu utoto na hakuna hata moja iliyogeuka. Akaacha kucheka. Akaniuliza kwa upole nilidhani Mama alikuwa anachora nini kwa penseli jioni zote zile.

Jogoo, treni, twiga. Mraba kwa mraba alikuwa ananigeuzia, na hakuniambia, nisije nikajiona nina kasoro.

Baba hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameinama juu ya kochi, amelifunika doa kwa kidole gumba, analifunua, analifunika. Kisha akasema, kama anayezungumza na blanketi, kwamba huyu ndiye hasa. Mama alipokuja dukani mara ya kwanza kupimwa gauni, yeye Baba alikuwa kijana mwenye haya, hakuthubutu kumtazama usoni. Alipiga magoti na pini zake nyuma yake, akamtazama kwenye kioo. Miezi minne, magauni matano, alimtazama kwenye kioo tu. Doa lilikuwa upande huu. Alipomuoa na kumwona uso kwa uso, ilimchukua muda kulizoea upande wa pili. Akalia, akacheka, akanishika mkono wangu wa kushoto akaubusu.

Nimeshinda, nikawaza. Nimeshinda kwa kukosea!

Halafu akatoa jibu. Anahamia kwa Dada.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema Dada amekuja kila jioni mwezi mzima na kazi yake haikwenda, maana walikuwa wanaongea. Mimi alinipigia Jumapili nne. Mafua, semina, bomba, mafua tena. Akaniuliza, bila hasira hata kidogo, "Nikihamia kwako, mwanangu, nitaongea na nani?"

Nikataka kumwambia kwamba nilikuwa naye kila siku, mara elfu kumi na sita na mia nane. Nikamwambia. Akasema anajua, anaona, na ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kupewa. Akasema nije Jumapili ijayo kwa Dada. "Njoo mikono mitupu. Njoo tukae tu."

Nimerudi nyumbani. Nimekirudisha kiti mahali pake.

Jumatano, 9 Aprili

Baba amehama. Dada amenipigia kunieleza: kioo kimesimama ukutani chumbani kwa Baba, na blanketi langu amelitundika ukuta wa pili, vikitazamana. Akilitazama blanketi anamwona Mama wa dukani. Akitazama kiooni, doa limerudi kushoto, anamwona Mama wa nyumbani. Amesema Baba anauliza kila siku ni siku ngapi zimebaki mpaka Jumapili.

Nimetafakari sana siku hizi tatu. Nimejichunguza bila huruma, na nimeliona kosa langu wazi. Nilifuma uso usio sahihi. Baba ana Mama wawili sasa; anachokosa ni picha yake mwenyewe! Miraba 160 kwa 200, vifundo elfu thelathini na mbili, na ramani safari hii nitaigeuza mwenyewe kwenye kioo cha dirisha, kama alivyofanya Mama. Madonge matano ya kahawia yapo. Nikijitahidi, hasa Jumapili zote, kufikia Juni kazi imekwisha. Hapo tutaona kama hatahamia kwangu. Kwenda mikono mitupu! Ningeonekana mtu wa namna gani?

Nimempigia Baba. Nimemwambia mafua yamerudi. Nilikohoa mara moja tu, ikatosha. Akasema nisiwe na wasiwasi, atanimenyea tangawizi.