Kiti Kimoja Mbele ya Kamera

Jumatatu, 2 Agosti 2004
Nimekwenda Mvumi na mke wangu Ruthu, kliniki ya macho. Presha ya macho, amesema daktari. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto litafika mvua za Desemba, pengine lisifike. Maji ya jicho hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda, mshipa hufa. Nilimweleza Ruthu haya njiani, polepole, mara mbili. Tukafika Mkonze. Halafu akasema hataki kingine ila kuuona uso wa Lea kabla ya giza.

Lea ni binti yetu wa pekee. Mwaka wa tisa yuko Kanada, anaogesha wazee wa watu. Karatasi zake za ukaazi hazijakamilika, akitoka, harudi.

Nina mpango.

Jumatano, 4 Agosti
Debora, mwanafunzi wangu wa zamani, ana kafe ya intaneti mjini. Kompyuta moja ina kamera. Wa huku na wa huko huonana papo hapo. Jirani yetu Eliakimu, afisa mifugo mstaafu, huonana hivyo na mwanawe kila mwezi, tena sebuleni kwake, na husimulia kanisani kana kwamba setilaiti aliirusha yeye. Nimwombe Eliakimu? Bora nife.

Debora anasema "laivu". Nilimsahihisha: ni matangazo ya moja kwa moja. Akajibu kwa adabu kwamba mteja akisikia moja kwa moja hudhani ni basi la Mwanza lisilosimama njiani. Tulibishana mpaka foleni ikafika mlangoni. Miadi Jumamosi, saa kumi jioni. Kule itakuwa asubuhi. Lea amejibu barua pepe: amebadilishana zamu.

Ijumaa, 6 Agosti
Mazoezi! Kopo la biskuti lenye tundu ndilo kamera. Shuka jeupe ukutani. Khanga ya mistari marufuku, huchezacheza kwenye picha. Ruthu aliuliza swali moja: yeye atamwona Lea, au Lea ndiye atakayemwona yeye? Swali zuri. Nilijibu kwa mchoro. Nilipofika kwenye setilaiti alikuwa amelala.

Jumamosi, 7 Agosti
Niandike kwa utaratibu.

Kafe ina kiti kimoja mbele ya kamera. Nilikaa mimi, kupima mitambo. Ruthu alisimama nyuma yangu. Eliakimu naye alikuwepo, hakualikwa.

Lea akatokea! Uso umekatwakatwa kama vigae, lakini ni yeye. Akasema shikamoo baba. Nikasema marahaba. Sauti huchelewa, hupanda angani, hushuka. Hakuisikia upesi, akaamkia tena. Nikaitikia tena. Marahaba ya kwanza ikagongana na shikamoo ya tatu. Eliakimu akanong'ona turuke salamu. Turuke! Mtoto ambaye hajaitikiwa aanzeje kusema? Na mzazi ambaye hajaamkiwa aulize nini? Nilihesabu shikamoo kumi na moja.

Ndipo nikaona ni lazima nimweleze Lea sababu ya ucheleweshaji. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Debora alinigusa bega: mama je? Nikamwambia dakika moja.

Nilipoinuka, Ruthu akakaa. Umeme ukakatika.

Alibaki ameketi mbele ya kioo cheusi. Akaikaza vizuri khanga kichwani. Debora akamwambia, "Mama, umeme umekwenda. Hakuna kitu hapo."

Akasema, "Najua, mwanangu. Niache nikae kidogo."

Mimi nilitoka nje kukagua nguzo.

Jumapili, 8 Agosti
Nilimuuliza Ruthu jana aliona nini. Kola yako, amesema. Imechanika kwa nyuma.

Baada ya ibada Eliakimu alikuja. Kwake kuna kompyuta, kamera na viti viwili. Alisema hivyo, viti viwili, akinitazama. Nilimshukuru, nikakataa. Atanitangaza hadi Mtumba. Ruthu alikuwa jikoni akisonga ugali. Mwiko ulinyamaza.

Jumatatu, 16 Agosti
Upepo umeangusha dishi la intaneti la Debora. Fundi anasubiriwa kutoka Dar. Ruthu aliuliza kama Eliakimu bado ana viti viwili. Nilimweleza kuhusu subira.

Jumapili, 17 Oktoba
Fundi hajaja. Leo Ruthu alimwamkia mlangoni mgeni aliyekuwa koti langu.

Jumanne, 21 Desemba
Mvua imenyesha kutwa. Jicho la kushoto halikuingoja, lilizimika Novemba. Ruthu humimina chai kwa kutia kidole kikombeni, ajue imefika wapi. Mimi hutazama pembeni.

Lakini habari njema! Dishi limesimama, na nimemletea Debora kamera mpya. Picha mara nne safi kuliko ile ya kwanza. Vigae basi! Nilimpa Ruthu aishike. Aliizungusha mkononi, akauliza jicho lake liko upande gani. Nikakiweka kidole chake hapo. Alikiacha muda mrefu.

Halafu akasema, "Baba Lea, safari hii kiti nikae mimi. Sauti yake inanitosha."

Ni haki yake. Nimekubali bila ubishi. Nitakaa mimi kwanza, dakika kumi tu, nimweleze Lea ubora wa picha.